Je, Wajua? Mji Uliozipigia Kura Nyumba Zake

Mwaka 2016, wakazi wa St Ives, mji wa pwani huko Cornwall, Uingereza, walipiga kura kuzuia nyumba mpya zisigeuzwe kuwa za likizo. Zaidi ya asilimia 80 walikubali. Tangu hapo, nyumba mpya lazima iwe makazi ya kudumu ya anayeishi humo.

Ila nyumba za zamani hazikuguswa, na hapo ndipo panapouma. Vijumba vya mawe walimoishi wavuvi, hatua chache kutoka bandarini, bado hununuliwa na matajiri wa mbali. Msimu wa baridi vingi hukaa gizani, mlangoni kumebanwa kisanduku cha ufunguo, huku mhudumu wa mkahawa akihangaika kutafuta chumba cha kupanga.

Uswisi ilitangulia: tangu kura ya 2012, sheria inataka nyumba za likizo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila manispaa.