Bustani za Mwambao (Sehemu ya Tatu): Fawara ya sola na wageni wenye kiu

Atakaye kujua kiangazi cha Utende kinavyowaelemea viumbe wadogo, aitazame kamba ya kisima. Mwezi wa Januari au Februari, kaskazi ikivuma na masika ingali mbali, kamba iliyolowa haimalizi dakika mbili ukingoni kabla nyuki hawajaishukia. Huzishika nyuzi zake kwa miguu, vichwa chini, matumbo yakienda mbele na nyuma kama mvukuto wa mhunzi, wakinyonya unyevu uliobaki. Kwenye mdimu ulio jirani shore wawili watatu wametua, wanamngoja mteka maji aondoke ili washukie maji yaliyomwagika. Wakichelewa robo saa hawayakuti, jiwe limeshayanywa.

Jiwe hilo ndilo chanzo cha mambo yote. Kijiji chetu kiko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mafia, kinaitazama ghuba ya Chole, na kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mafia hunyeshewa vizuri kuliko sehemu nyingi za bara, lakini mwamba huu ni chekeche: mvua ikishuka hupita. Maji matamu hukaa chini, yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya tofauti ya uzito wao, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita zipatazo 40 chini yake. Ukiteka kupita kiasi ukaishusha ile mita ya juu kidogo tu, chumvi hupanda kutoka chini kwa hatua kubwa. Wenye visima wanalijua jambo hili kwa ulimi. Kwa hiyo bahari imetuzunguka pande zote, na ndege wa bustani hana lake ndani yake. Na maji matamu tuliyo nayo si ya kumwaga ovyo.

Utende ndiyo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye eneo la kilomita za mraba 822. Wageni huja kutazama yaliyo chini ya maji. Mimi nimekuwa nikitazama yaliyo juu ya mdimu, na katika makala mbili zilizotangulia nimeeleza udongo wetu mchache na mimea inayouvumilia. Leo ni zamu ya maji, hasa maji yanayorushwa na jua.

Fawara ni neno letu la zamani: maji yarukayo juu yakaanguka. Na maji ya kupendezesha makazi si mageni mwambao. Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la karne ya 14, lilikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane, na magofu yake yanaonekana hadi leo. Kule Unguja, Emily Ruete, aliyezaliwa Salme binti Said, ameandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 juu ya ua wa jumba la Mtoni, ulivyojaa tausi, kanga, heroe na mbuni. Hao walikuwa ndege wa kufugwa, wa nyumba ya kifalme. Ninaowataka mimi ni wale wanaokuja kwa hiari na kuondoka kwa hiari, na wakija wanaiacha bustani imepata faida.

Kilichobadilika siku hizi ni kwamba fawara haihitaji tena jumba. Paneli yenye ukubwa wa daftari la shule, ya wati 5 hivi, huendesha pampu ndogo isiyo na betri. Mwanga ukiigonga paneli, umeme unatoka. Umeme ukitoka, pampu inasukuma. Jua likipanda, maji yanapanda nalo. Uzuri wake kwetu uko hapo: saa sita mchana, nyuki wanapobeba maji kwenda kuipoza nta isiyeyuke na ndege wanahema midomo wazi kwa kuwa hawana jasho, ndiyo saa ambayo fawara ina nguvu zaidi. Kiu na maji vinakutana bila mtu kuwasha swichi. Ndege, kwa upande wao, huvutwa na sauti ya tone na mmeto wa maji yanayotikisika kuliko na beseni lililotulia, hata kama beseni hilo lina maji mengi zaidi.

Lakini jua hilihili ndilo lililonifundisha kosa langu. Mwanzo nilinunua pampu ya kuelea, iliyopachikwa juu ya kijipaneli chake kama sahani, nikaitia katika beseni uani. Siku ya kwanza upepo uliisukuma hadi ukingoni, ikawa inarusha maji nje, na kufikia adhuhuri beseni lilikuwa tupu na pampu inalia kikavu. Mwendo huo ukirudiwa, pampu huungua. Nikaifunga kwa uzi katikati ya mawe matatu. Ikatulia. Siku ya tisa nilipoinama nikaona viluwiluwi vya mbu vinapinda na kujinyoosha chini ya maji.

Nilikuwa nimeshika maneno ya watu kwamba maji yanayotembea hayazai mbu. Ni kweli, lakini fawara ya sola hutembea mchana tu. Jua likizama inalala, na mbu waenezao malaria na wale waenezao matende na mabusha hufanya kazi zao usiku. Kwa joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja au mbili. Mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, ana hila nyingine: hutaga mayai ukingoni mwa chombo, yakaganda hapo, na yanaweza kuvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakumtoshi huyu. Ukingo lazima usuguliwe.

Mababu walikuwa na jibu lao. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni liliwekwa visamaki vidogo vya kula viluwiluwi, na chini yake wakachimbia bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wasikose pa kujistiri. Kwa nyumba yenye birika refu, sijaona njia iliyo bora zaidi hadi leo. Ila ndege mdogo hataki birika refu. Anataka kina cha vidole viwili, sakafu yenye mikwaruzo asiteleze, na ukingo unaoshuka polepole. Samaki haishi hapo.

Basi nikatenganisha maji ya mchana na maji ya usiku. Chini niliweka ndoo ya lita 20, nikaizungushia mawe kwa kuwa mwamba haukubali jembe, na ndani yake ndimo pampu ilimo. Mdomo wa ndoo nimeufunga kwa kipande cha chandarua. Juu yake kuna sinia la saruji nililolimimina mwenyewe, upana nusu mita, na penye kina zaidi nimeacha tundu la kupita msumari. Pampu hupandisha maji kwa kasi kuliko tundu linavyoyashusha, kwa hiyo jua likiwapo sinia limejaa na fawara inaruka. Jua likiondoka, pampu husimama, maji yote hushuka kwenye ndoo, na wavu unawazuia mbu. Kila Ijumaa asubuhi nalisugua sinia kwa makumbi, na maji ya ndoo yaliyokwisha kuchakaa nayamwagia mrehani. Siku ya jua kali sinia la ukubwa huo hupoteza kama lita moja na ushei kwa mvuke, pamoja na kidogo kinachorushwa na upepo. Familia inayotia udhu mara tano inamwaga zaidi ya hapo.

Paneli msiiweke karibu na maji. Inataka jua tupu, na ndege anataka kivuli na tawi la kukimbilia akimwona paka. Yangu iko juu ya bati, waya umeshuka hadi chini ya mkomamanga. Na tuliokaa kwenye minazi tujihadhari na kuti. Vijisahani vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine kama watu wanaopokezana ndoo wakati wa moto. Mmoja akisimama, mstari mzima umesimama. Kivuli cha kuti moja kikipita juu ya pembe ya paneli, fawara inaanguka. Kuti likirudi na upepo, inainuka. Kwa mwezi mzima nilidhani pampu ni mbovu. Jingine ni chokaa: maji yetu yamepita katika matumbawe, na baada ya wiki chache tundu la fawara huziba kwa ukoko mweupe. Lilaze usiku kucha kwenye maji ya ndimu. Chumvi ya upepo juu ya paneli inatoka kwa kitambaa chenye maji matamu.

Wageni hawakuchelewa. Pugi alitangulia, akachomeka mdomo wote ndani ya maji akavuta bila kuinua kichwa, kama njiwa wote wafanyavyo. Shore aliyemfuata aliteka tone, akainua shingo, akameza, akarudia. Chozi ndiye aliyenishangaza. Haingii sinia hata mara moja. Hupita katikati ya matone, akatua juu ya jani la mgomba lililolowa, akajisugua nalo kifua na mabawa huku akiteleza kuelekea chini, akaruka kwenda kuanza tena. Tangu nilipoliona hilo nimeuelekeza mrusho wa maji uguse majani mawili matatu, na usizidi urefu wa mkono, maana kusi ikivuma mrusho mrefu huishia kwa jirani.

Chozi huyu akishaoga anakwenda kazini. Ua la mgomba lina mbochi nyingi, naye huinywa, kichwa kikitoka na chavua. Lakini bustani ya mboga inawategemea zaidi nyuki. Ua jike la boga hufunguka alfajiri moja tu na kabla ya adhuhuri limefunga. Likikosa kutembelewa na nyuki wa kutosha saa hizo, kitoto cha boga hugeuka manjano na kuoza, au hukua kimepinda upande mmoja. Wakulima wengi hukimbilia dawa ya wadudu, nao huipuliza asubuhi, wakawaua walewale waliopungua. Dawa ikiwa haina budi, ipulizwe jioni, maua yakiwa yamefunga.

Mkarakara una shida ya peke yake. Vichwa vya chavua vimening'inia juu kuzunguka ua, kiasi kwamba nyuki wa asali hupita chini akanywa mbochi bila kugusa kitu. Anayeweza ni lile nyuki kubwa jeusi linalotoboa boriti: mgongo wake unafika. Tumelichukia kwa ajili ya boriti. Mimi nimelisimamishia gogo kavu la mkorosho nyuma ya banda, likahamia. Asiyeona thamani ya mdudu mmoja akumbuke michikichi ya Malaysia, mti uliotoka Afrika: watu waliichavusha kwa mkono hadi mwaka 1981, alipopelekwa mbawakawa mdogo kutoka Kamerun akaifanya kazi ile bure. Vanila iliyotoka Meksiko bado haina mdudu wake huku kwetu; kila ua linachavushwa kwa kijiti, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12.

Jirani yangu mgema alipoona nyuki wameongezeka alikuja na wasiwasi.

"Mwalimu, umewaita nyuki nyumbani. Na watoto je?"

"Mzee wangu, nyuki anayekunywa hana vita. Ila asikanyagwe."

"Na hao wanaozama?" Alikuwa ameinama juu ya sinia, akawatoa wawili kwa ukucha. "Kwenye tembo langu huwa hivihivi. Tia kumbi, wasimame juu yake."

Nilifuata shauri lake, na nikaongeza langu: chombo cha pili, hatua ishirini kutoka mlangoni, chenye mchanga na makumbi yaliyoloweshwa na maji ya kisima yenye chumvichumvi. Nyuki wanapenda maji yenye chumvi kidogo na harufu kuliko maji safi, na wakishazoea mahali hawaendi pengine. Kwa hiyo kitangulizwe kabla kiangazi hakijashika, kisiachwe kukauka hata siku moja. Sinia limebaki la ndege. Pembeni mwa chombo cha pili pameota tope, na hapo kabla ya jua la utosi hutua vipepeo, wengi wao madume, wakifyonza chumvi za udongo ambazo mbochi haina.

Jua likielekea magharibi mrusho unashuka inchi kwa inchi, unakuwa kitone, unakatika. Sinia linajimwaga taratibu kwa sauti ndogo ndani ya ndoo. Ndipo popo wanapotoka Chole, wale wakubwa ambao ndugu zao wako Komoro, wanavuka mkondo kwa mabawa mazito kuja kwenye miembe na misufi ya upande huu. Wao hawahitaji sinia langu. Popo wa jamii yao hupitisha kifua juu ya maji wakiwa wanaruka, kisha huyalamba manyoya. Ua la mbuyu, lifungukalo giza likiingia, linawangoja wao na wenzao wa usiku. Na mbu anayezunguka uani saa hiyo akitafuta pa kutagia, anakuta saruji kavu.