Kutoka Sinema hadi Sokoni: Safari ya Neno Rambo katika Kiswahili cha Tanzania

1.0 Utangulizi

Mto Themi huanzia kwenye miteremko ya Mlima Meru, hupita katika jiji la Arusha na kuelekea tambarare za kusini. Jina lake ndilo pia jina la mojawapo ya kata za jiji hilo, kata yenye viwanda, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Sunflag. Kwa miaka mingi kabla ya 2019, mtu aliyesimama kando ya mto huo hakukosa kuona mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mawe na mizizi ya miti. Katika hotuba na matangazo ya serikali vitu hivyo viliitwa mifuko ya plastiki. Katika mazungumzo ya sokoni viliitwa rambo.

Neno hilo si la Arusha pekee. Lilienea Tanzania Bara kiasi kwamba magazeti yalipoandika habari za mifuko ya plastiki mara nyingi yaliongeza maneno “maarufu kama rambo” ili msomaji asipotee. Jina la mpiganaji wa sinema za Kimarekani liliwezaje kuwa jina la chombo cha kubebea nyanya na vitunguu? Na je, mwanaisimu ana sababu gani ya kulishughulikia? Makala hii inaeleza safari ya neno hilo kwa hatua, kisha inaonesha kwamba safari hiyo ina uzito hata katika utekelezaji wa sheria.

2.0 Majina ya Bidhaa Kuwa Nomino za Kawaida

Ikumbukwe kwanza kwamba Kiswahili kina mazoea ya muda mrefu ya kugeuza majina ya kibiashara kuwa nomino za kawaida. Katika karne ya 19 kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichotoka katika viwanda vya Marekani kiliuzwa Zanzibar na kupelekwa bara na misafara. Kitambaa hicho kiliitwa merikani au amerikani. Jina la nchi lilikuwa uthibitisho wa ubora. Baadaye likawa jina la aina ya nguo, na mnunuzi hakuhitaji kujua nchi hiyo iko wapi.

Mifano ya karibu zaidi ni mingi. Pikipiki ya magurudumu matatu inaitwa bajaji, kutokana na Bajaj, kampuni ya India, hata pale inapotengenezwa na kampuni nyingine. Dawa ya meno huitwa kolgeti na siagi ya mimea huitwa bluubendi bila kujali maandishi yaliyo kwenye kopo. Mjini Arusha mabasi madogo ya abiria yalijulikana kama vifodi, jina lililotokana na Ford. Jina hilo liliendelea kutumika hata magari yenyewe yalipokuwa Toyota. Kifodi kimepata kiambishi cha ngeli ya KI-VI, chenye kudokeza udogo, na kwa njia hiyo kimepewa uraia kamili wa kisarufi.

Katika mifano yote hiyo jina linatoka kwa mtengenezaji au mahali bidhaa ilikotengenezwa. Rambo ni tofauti. Hapakuwa na kiwanda chenye jina hilo kilichojulikana kwa wanunuzi. Jina lilitokana na picha iliyochapwa juu ya mfuko, na picha hiyo ilitoka katika utamaduni pendwa. Hapa ndipo nembo ya dukani na shujaa wa sinema vinapokutana.

3.0 Asili ya Jina Lenyewe

Mhusika Rambo alizaliwa katika riwaya ya First Blood ya mwandishi David Morrell, iliyochapishwa mwaka 1972. Riwaya hiyo inamhusu askari aliyerudi Marekani kutoka vita vya Vietnam na kukosa mahali pa kutulia. Mwaka 1982 ilifanywa sinema, Sylvester Stallone akiwa mhusika mkuu. Sinema ya pili ilitoka mwaka 1985 na ya tatu mwaka 1988. Ni ile ya pili hasa iliyomgeuza askari mwenye majeraha ya moyo kuwa shujaa mwenye misuli na bunduki, ambaye picha yake ilisambaa duniani kote.

Morrell mwenyewe ameeleza alivyolipata jina hilo. Alikuwa akisoma mashairi ya Mfaransa Rimbaud, mkewe akarudi nyumbani na matufaha aliyoyanunua. Alipouliza aina yake aliambiwa ni Rambo. Tufaha hilo nalo linahusishwa na Peter Gunnarsson Rambo, Mswidi aliyehamia Amerika ya Kaskazini mwaka 1640.

Kwa hiyo jina hili lilikuwa jina la mtu, likawa jina la tunda, likawa jina la mhusika wa riwaya, kisha la shujaa wa sinema, na hatimaye likawa jina la mfuko. Lilitoka sokoni na likarudi sokoni. Muuza matunda wa Arusha aliyefunga matufaha, au maepo kama wengi wasemavyo, ndani ya rambo alikuwa amelifikisha jina mahali lilipoanzia bila yeye wala mnunuzi wake kujua.

4.0 Mazingira ya Kupokelewa kwa Jina

Neno halipokelewi hewani. Hupokelewa katika mazingira ya kijamii. Mwezi Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Tanzania. Katika kipindi chake masharti ya biashara yalilegezwa na bidhaa zilizokuwa adimu zikarudi madukani, naye akapewa jina la Mzee Ruksa. Katika miaka hiyohiyo kanda za video zilienea mijini. Sinema za mapigano zilitazamwa katika kumbi za sinema na katika mabanda ya video, na mtazamaji hakuhitaji kujua Kiingereza ili amwelewe Rambo, kwa kuwa mhusika huyo husema machache na hutenda mengi.

Mambo mawili yalikutana hapo. Kwanza, mfuko mwepesi wa plastiki ulianza kuchukua nafasi ya kikapu na karatasi za kufungia. Kilikuwa chombo kipya kisicho na jina la kienyeji. Pili, kulikuwa na sura ambayo kila kijana aliijua. Mifuko iliyochapwa sura hiyo ilivutia macho, nayo ilisifika kwa nguvu. Jina la mpiganaji asiyeshindwa lilifaa kwa mfuko uliotarajiwa usichanike njiani. Kwa namna hiyohiyo baadhi ya watu walisema mfuko wa malboro, kutokana na sigara za Marlboro. Nchini Kenya watu walitumia neno jingine, juala, jambo linaloonesha kwamba jina rambo ni tunda la historia ya soko la Tanzania na halikuletwa na sinema peke yake.

Yafaa kulinganisha hali hii na kanga. Kanga huuzwa kwa jina, yaani kwa maandishi yaliyomo ndani yake, na mnunuzi huyasoma kabla ya kulipa. Nembo ya mwuzaji hukaa pembeni, kama ile ya Mali ya Abdulla ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887. Mfuko haukuwa na usemi wa kusomwa. Ulikuwa na picha tu, na wasemaji wa Kiswahili wakaisoma picha hiyo kama wanavyosoma jina la kanga.

5.0 Hatua za Kisarufi

Mabadiliko ya neno hili yanaweza kugawanywa katika hatua tatu.

Katika hatua ya kwanza tunapata kirai chenye kihusishi: mfuko wa Rambo. Hapa Rambo bado ni nomino ya pekee. Msemaji anamaanisha mfuko wenye picha ya mtu huyo, na mfuko usio na picha hiyo haustahili jina hilo.

Katika hatua ya pili picha hutoweka, lakini jina hubaki. Mfuko mweusi usiochapwa chochote nao huitwa mfuko wa rambo. Maana imepanuka kutoka mfuko mmoja hadi aina nzima ya mifuko. Katika maandishi, herufi kubwa huanza kuwa na utata: je, iandikwe au isiandikwe? Utata huo wenyewe ni dalili kwamba nomino ya pekee inageuka kuwa ya kawaida.

Katika hatua ya tatu neno mfuko hudondoshwa. Muuzaji huuliza, “Nikuwekee kwenye rambo?” Mnunuzi husema, “Rambo yangu imechanika,” au “Nipe rambo mbili.” Neno limeingia ngeli ya I-ZI, ambayo hupokea maneno mengi ya mkopo yasiyo na kiambishi. Msemaji anapotaka kusisitiza ukubwa, sarufi humruhusu kulihamishia ngeli ya LI-YA na kusema rambo lile au marambo yale. Neno linaloweza kufanyiwa hivyo si mgeni tena. Mtoto aliyezaliwa miaka ya 1990 aliweza kutumwa dukani na rambo mkononi bila kuwahi kusikia habari za sinema hiyo.

6.0 Neno Mbele ya Sheria

Zanzibar ilitangulia kupiga marufuku mifuko ya plastiki katikati ya miaka ya 2000. Kenya ilifanya hivyo mwezi Agosti 2017. Kwa Tanzania Bara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni mwezi Aprili 2019 kwamba mwisho wa matumizi ya mifuko hiyo ungekuwa tarehe 31 Mei. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilianza kutumika tarehe 1 Juni 2019. Rambo zikatoweka haraka mikononi mwa wanunuzi, na mahali pake pakachukuliwa na kile kilichoitwa mifuko mbadala. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, sinema ya tano ya Rambo ilioneshwa.

Kanuni hizo hazikukataza plastiki yote. Ziliruhusu plastiki ya kufungia bidhaa katika shughuli kama za tiba, viwanda, kilimo na usindikaji wa chakula. Hivyo lugha ya kisheria ilihitaji tofauti kati ya kibebeo, yaani kitu cha kubebea, na kifungashio, yaani kitu cha kufungia bidhaa. Maneno yote mawili yameundwa vizuri kwa kanuni za uundaji wa nomino kutokana na vitenzi, kubeba na kufungasha. Tatizo halikuwa katika umbo lake.

Tatizo lilikuwa kwamba tofauti hiyo haikuwamo katika neno la sokoni. Rambo lilitaja kitu chepesi cha plastiki anachopewa mnunuzi ili aondoke na bidhaa yake. Mama anayeuza mchicha akiuweka ndani ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga na kumkabidhi mteja, amefungasha au amebebesha? Kwa macho yake ni tendo moja. Kwa macho ya sheria, jibu linaamua kama ana kosa au hana. Haikushangaza, basi, kwamba vifungashio vilianza kutumika kama vibebeo, na mwaka 2021 mamlaka za serikali zililazimika kutoa maelekezo mapya kuhusu jambo hilo.

Funzo kwa wanaisimu ni dhahiri. Istilahi inayotungwa ofisini hukuta mahali palipokwisha kukaliwa. Neno la watu lina mipaka yake ya maana, na mipaka hiyo hailingani daima na ile ya mtunga sheria. Tangazo linalosema kwamba vibebeo vimekatazwa huwa nusu ya mawasiliano. Nusu ya pili ni kueleza, kwa maneno ya msikilizaji mwenyewe, ni rambo ipi iliyokatazwa na ni plastiki ipi iliyobaki halali.

7.0 Hitimisho

Sheria iliondoa mfuko, haikuondoa neno. Mfano wa kifodi unaonesha kwamba jina laweza kuhamia kitu kingine baada ya kile cha kwanza kupotea. Mfano wa merikani unaonesha hatima nyingine: neno kubaki kwa wazee na katika vitabu, kama alama ya biashara iliyopita. Rambo laweza kufuata njia yoyote kati ya hizo.

Kwa sababu hiyo, watunga kamusi na wanafunzi wa Kiswahili wana kazi isiyofaa kuahirishwa. Neno kama hili halifai kudharauliwa kwa sababu limetoka kwenye sinema, wala kuachwa kwa sababu kitu chake kimepigwa marufuku. Lirekodiwe pamoja na ngeli yake, maana yake kwa kila kipindi na mazingira ya matumizi yake, wakati wale waliolitumia kila siku katika masoko ya Arusha na kwingineko bado wapo na wanaweza kuulizwa.