Bulabo: Ekaristi Asubuhi, Ngoma Mchana

Wasukuma walipofuata malisho na mashamba ya pamba kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, hadi Geita na Chato, walihama na ngoma zao. Walihama pia na uhasama wao mtamu: Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa karne ya 19 na waganga wawili washindani, Gumha na Ngika.

Kanuni yao ni kali kuliko ya ligi yoyote. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja na duara lake. Hakuna jaji, hakuna alama. Watazamaji wenyewe hupiga kura kwa miguu: wakichoka huku, wanahamia kule, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Basi manju, kiongozi wa ngoma, asiye na vituko amekwisha. Wacheza buyeye hutoka na chatu hai. Wa bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Upande wa pili haukosi kupigwa vijembe. Na dawa ya mvuto, bila shaka, kutoka kwa mganga.

Dawa hiyo ndiyo iliyowatia shaka wamisionari. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefanya kazi Bujora, Kisesa, kuanzia miaka ya 1950, alitazama umati zaidi ya hirizi. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo Papa Urbano IV aliitangaza mwaka 1264, mara nyingi huangukia Juni, wakati mavuno yameingia na watu wana nafasi. Akaunganisha sikukuu hiyo na mashindano ya ngoma, ndipo Bulabo ikazaliwa. Maandamano hutangulia, maua yakimwagwa mbele ya Ekaristi. Kisha Bagalu na Bagika wanaachiwa uwanja, na mashindano yanaweza kufika wiki mbili.

Si Wasukuma peke yao wanaochanganya ibada na ngoma: Wafilipino wa Cebu wana Sinulog yao kila Januari, wakicheza barabarani kumtukuza Mtoto Yesu, ambaye sanamu yake ililetwa na Magellan mwaka 1521. Huko majaji hutoa zawadi. Kwangu mimi, hukumu ya miguu ya Wasukuma ni ya haki zaidi; haihongeki kirahisi.

Msomaji wa Chato anayetaka kuiona Bulabo hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko: Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Pita Mwanza, shika barabara ya Musoma, ushukie Kisesa.