Homa: Ni bakteria au ni virusi?

Baridi ya Julai ikitanda Embu na Meru, vikohozi na homa huzagaa. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Wengine hata jina hawalijui, huomba tu "zile za rangi mbili". Lakini dawa hizo huua bakteria. Virusi vya mafua haziviwezi.

Kuna kipimo cha damu kinachoweza kumsaidia daktari. Mwili unapovamiwa na viini, ini hutoa kwa wingi protini ambayo maabara huiandika CRP, iliyogunduliwa mjini New York mwaka wa 1930. Kwa kawaida haizidi miligramu 10 katika lita moja. Ikipita 100, daktari hushuku bakteria. Ikiwa chini ya 20, huenda ni virusi. Hata hivyo, huchukua saa kadhaa kupanda, na ukipimwa mapema mno majibu yatakudanganya.

Tatizo ni malaria, kwani nayo huipandisha CRP. Kwa hivyo mwenye homa anayetoka nyanda za chini za Mbeere au Tharaka, au aliyezuru huko, apimwe malaria kwanza. Na mtoto anayepumua kwa kasi huku mbavu zikibonyea ndani apelekwe hospitalini mara moja, bila kungoja kipimo chochote.