Mtoto wa Kasesya na Mtihani wa Kiingereza

Barabara itokayo Sumbawanga kuelekea kusini hupita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kisha huendelea hadi Kasesya, ambako nchi yetu yakoma na Zambia yaanza. Ng'ambo ya mpaka ni Zombe, na mbele yake ni njia ya kwenda Mbala. Wamambwe wako huku na wako kule. Mjomba ni Mtanzania, mpwa ni Mzambia, na Kimambwe chao hakijapata kugongewa mhuri na afisa yeyote wa uhamiaji. Lakini mtoto aendapo shule, mstari ule wa mpaka humfuata hata darasani: huku hupokewa kwa Kiswahili, na kule Kiingereza ndicho lugha rasmi ya taifa.

Kwa sababu hiyo Kasesya ni mahali pafaapo kutafakari jambo linalowakosesha usingizi wazazi wengi, yaani namna ya kumwandaa kijana kwa mtihani wa Kiingereza. Nasema mtihani wa Kiingereza, wala simaanishi lile somo moja tu lenye jina hilo. Ukiondoa Kiswahili na masomo mengine machache, mitihani ya Kidato cha Nne huulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Hesabu ni Kiingereza, fizikia ni Kiingereza, biolojia na jiografia kadhalika. Kijana aliyeshindwa lugha ameshindwa yote, hata kama kichwani mwake elimu imejaa.

Hivi karibuni nilikaa kibarazani pa duka moja huko mpakani, na kando yangu alikuwapo kijana wa Kidato cha Nne, daftari magotini, midomo ikicheza kama ya mtu asaliye rozari. Baada ya kuamkiana nilimwomba anisomee anachojifunza. Akafumba macho, akatamka kwa Kiingereza, pasipo kukosa neno, maelezo marefu ya namna viumbe vidogo wanavyoozesha mimea na kuirudisha udongoni.

"Maana yake nini, mwanangu?" nikamwuliza.

Akatazama chini. "Sijui vizuri, baba. Lakini ndivyo ilivyoandikwa daftarini, na swali hili hupenda kutokea."

Nikamwuliza swali jingine, safari hii kwa Kiswahili: Kwa nini mama yake hufukia majani ndani ya tuta kabla ya kupanda? Uso wake ukabadilika. Akaniambia kwamba majani yakifukiwa huoza, udongo ukawa mweusi na laini; kwamba tuta hupandwa maharage kwanza, na msimu ufuatao hubomolewa, udongo ukatandazwa na kupandwa ulezi; kwamba mtu mvivu achomaye majani yote hunyang'anya shamba lake chakula. Alieleza kama bwana shamba, akichora kwa kijiti mavumbini.

Basi kijana huyu alijua jambo lile lile alilokuwa akilikariri, tena alilijua tangu utotoni, kwa kuwa matuta hayo ni elimu ya kale ya Wafipa na Wamambwe. Ila hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba maneno ya daftarini na tuta la mama yake ni kitu kimoja. Na msahihishaji wa mtihani hatauona mchoro wake wa mavumbini.

MWANAFUNZI WA UCHINA

Twazoea kudhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu, au ya wale tu waliotawaliwa na Mwingereza. Sivyo. Yafaa tutupe macho Uchina, rafiki yetu wa siku nyingi, ambaye wana wake walitandika reli ya TAZARA pamoja na wananchi wetu na wa Zambia kati ya mwaka 1970 na 1975. Huko, tangu mwaka 1987, wanafunzi wa vyuo vikuu wamekuwa wakifanya mtihani wa taifa wa Kiingereza, nao huutetemekea kama wetu wanavyoutetemekea wa Kidato cha Nne. Hupimwa kusikiliza, kusoma, kuandika na kufasiri.

Mchina anayejiandaa kwa mtihani huo hujikwaa mahali pengi tunapojikwaa sisi. Katika usemi wake neno moja humtaja mwanamume na mwanamke, kama "yeye" wetu. Kwa hiyo naye, akisema Kiingereza, humgeuza dada kuwa kaka bila kukusudia. Lugha yake haina vile vijineno ambavyo Mwingereza huvitanguliza mbele ya majina, nasi hatuna. Maneno yake hayarundiki konsonanti nne kwa pamoja, wala yetu. Zaidi ya hayo, yeye ana mzigo ambao sisi hatuna: kitenzi chake hakibadiliki kwa kufuata wakati, ilhali chetu kina "li", "na" na "ta"; na maandishi yake si ya herufi, ilhali sisi tumezizoea herufi hizo hizo tangu darasa la kwanza. Kwa haki, Mfipa angepaswa kumtangulia Mchina katika safari hii.

Mbona basi twabaki nyuma? Jibu moja ni hili: Mchina hupimwa Kiingereza katika mtihani wa Kiingereza. Fizikia yake kwa kawaida ameisoma kwa Kichina, hesabu kwa Kichina, na historia kwa Kichina. Akikosea sarufi ya Kiingereza, hapotezi alama za kemia. Tena katika mtihani wenyewe imo sehemu ya kufasiri, ambamo hupewa habari iliyoandikwa kwa Kichina na kutakiwa aieleze kwa Kiingereza. Lugha ya nyumbani haikufukuzwa mlangoni. Imeitwa ndani isaidie kazi.

Sisemi kwamba huko ni asali tupu. Vyuo vingi viliwahi kuifunga shahada pamoja na kufaulu mtihani huo, na malalamiko yakawa mengi. Wako vijana waliokariri insha nzima nzima, wakafaulu, kisha wakashindwa kumwelekeza mgeni njia. Wachina wenyewe wameipa hali hiyo jina: Kiingereza cha bubu. Lakini pia walibuni dawa yake. Katika bustani za miji yao na viwanja vya vyuo watu hukusanyika jioni fulani ya juma kwa ajili ya kuzungumza Kiingereza tu, mwanafunzi na karani, mzee na kijana, wakikosea mbele ya wenzao pasipo kuona haya. Na asubuhi na mapema si ajabu kumwona mwanafunzi amesimama peke yake chini ya mti, akisoma kitabu kwa sauti.

JE, TUVUKE MPAKA?

Mzazi mmoja pale Kasesya aliniambia kwamba dawa ni kumvusha mtoto akasome Zambia, akianza Kiingereza angali mdogo. Namheshimu, kwa kuwa nia yake ni njema. Lakini na atazame vizuri kule anakotaka kwenda. Zambia, baada ya kupata uhuru mwaka 1964, iliweka sheria ya elimu mwaka 1966 iliyokifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Baada ya miaka mingi ya kuona watoto wakifika madarasa ya juu bila kujua kusoma sawasawa, mwaka 2014 nchi hiyo iliamua kwamba miaka minne ya mwanzo ifundishwe kwa lugha za wenyeji. Jirani yetu aliyeanza mapema na Kiingereza amerudi kuitafuta lugha ya nyumbani. Anayekimbilia kwake kwa ajili ya jambo hilo atampita njiani.

Na sisi tuna historia yetu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari na kisha vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo sekondari imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Jambo hili halijamalizika, na gazeti la Chama halina sababu ya kuogopa kulisema. Lakini kijana niliyemkuta kibarazani hawezi kungoja mjadala wetu uishe. Mtihani wake una tarehe.

KIBAO SHINGONI

Mimi nilisoma shule ya misheni. Mapadre na walimu walitufundisha mengi mema, nami nawashukuru. Lakini palikuwa na kibao cha mti. Aliyesikika akisema Kiswahili au lugha ya kwao alivikwa kibao hicho shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake, na aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Twaambiwa kwamba ndivyo Kiingereza kilivyofundishwa. Ukweli ni kwamba tulijifunza kunyamaza. Wapo wenzangu waliopitisha mihula mizima wakijibu "ndiyo" na "siyo" tu, na leo ni watu wazima ambao wakisikia Kiingereza jasho huwatoka. Kibao hakikumfundisha mtu yeyote sentensi moja. Kilimfundisha kwamba lugha ya mama yake ni kosa.

Linganisheni na Mwalimu Julius Nyerere. Mtu huyu alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, na Kiingereza chake kilisifiwa na Waingereza wenyewe. Tena alipata kukifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, akitaka tusikitupe. Lakini mwaka 1963, akiwa Rais wa Jamhuri changa yenye kazi elfu, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo "Julius Caesar", na mwaka 1969 akaongeza "Mabepari wa Venisi". Mtu hawezi kufasiri asichokielewa. Aliyezishika lugha mbili kiasi cha kuivusha fikra kutoka moja hadi nyingine, na kuirudisha salama, huyo ndiye aliyejiandaa.

YATUPASAYO

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi, usianze na daftari la Kiingereza. Anza na jambo lenyewe. Jieleze kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka mdogo wako aelewe. Kisha liandike kwa Kiingereza chako mwenyewe, kwa sentensi fupi, na ndipo ulinganishe na kitabu. Sentensi kumi za kwako zenye makosa mawili ni mali kuliko ukurasa uliokaririwa, maana swali likigeuzwa kidogo tu, aliyekariri amekwisha.

Weka daftari la makosa. Utaona kwamba mengi yana mzizi katika Kiswahili, na ukiujua mzizi utaung'oa. Sisi twaweza kusema "Amefika jana". Kiingereza chakataa, kwani penye jana chataka kitenzi cha wakati uliokwisha kabisa. Sisi twasema tuna njaa, kana kwamba njaa ni kitu mfukoni. Mwingereza hujisema yeye mwenyewe kuwa mwenye njaa. Sisi twaandika kama tunavyotamka. Yeye haandiki hivyo, basi kila neno jipya lione kwa macho na ulisikie kwa sikio. Soma kwa sauti kila alfajiri, na kila juma fasiri aya moja ya gazeti hili kwa Kiingereza, kisha juma lifuatalo irudishe kwa Kiswahili bila kuiangalia ya kwanza. Pale zinapotofautiana ndipo penye somo lako.

Wewe mwalimu, twajua kwamba darasani huchanganya lugha ili watoto waelewe, na kwamba wengine hufanya hivyo kwa hofu, kama wezi. Usione haya. Eleza kwa Kiswahili kilicho safi, kisha eleza kwa Kiingereza kilicho safi, ukionyesha daraja kati ya hizo mbili. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iwe mezani pako, si kabatini mwa mkuu wa shule. Na uliyenacho kibao, kipeleke jikoni kikaivishe maharage.

Nanyi viongozi wa Chama katika matawi, majengo yetu mengi hukaa tupu jioni. Yafunguliwe siku mbili kwa juma, taa iwashwe, benchi ziwekwe, vijana waje wazungumze Kiingereza bila kuchekwa, kama wafanyavyo Wachina bustanini mwao. Kasesya ina faida ambayo Dar es Salaam haina: umbali mfupi tu kutoka dukani wapo ndugu waliosoma kwa Kiingereza tangu utoto. Wakaribishwe nao wazungumze na vijana hao. Halitagharimu Serikali hata senti.

Nilipoinuka kuondoka, nilimwomba kijana yule aniandikie kwa Kiingereza, kwa maneno yake, habari ya tuta la mama yake. Alifuta mara mbili, akauliza neno la "majani makavu", akaandika mistari minne. Ilikuwa na makosa matatu. Lakini alipoisoma hakufumba macho, na nilipomwuliza maana yake, aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aulizwaye jina la mama yake mwenyewe.