Mchanga Mweusi Unaotupwa

Anayeosha dhahabu kwa karai, awe Salamabila mkoani Maniema, karibu na mgodi wa Namoya, au kwingineko, anaujua mchanga mweusi. Ni mzito, hung'ang'ania chini pamoja na dhahabu, na mwisho huondolewa kwa sumaku na kutupwa. Mara nyingi sehemu yake kubwa ni magnetaiti, oksidi ya chuma ambayo wanakemia hujisumbua kuitengeneza upya maabara.

Njia aliyoieleza Mfaransa René Massart mwaka 1981 ni rahisi ajabu. Chumvi mbili za chuma huyeyushwa majini kwa uwiano wa moja kwa mbili, kisha humiminwa amonia huku mchanganyiko ukikorogwa. Papo hapo maji huwa meusi tii. Weusi huo ni chembe za nanomita kumi hivi. Nanomita milioni moja ndizo milimita moja.

Kwa nini zisitumiwe tu punje za mchanga mweusi wenyewe? Punje kubwa ikishaguswa na sumaku hubaki na usumaku wake, nazo hushikana madonge. Chembe ya nanomita kumi ni ndogo kiasi kwamba joto la kawaida la chumba huupindua usumaku wake huku na huku bila kukoma. Ukileta sumaku, chembe zote huvutwa. Ukiiondoa, hutawanyika tena.

Kobalti, ambayo Kongo huongoza duniani kwa kuichimba, huwa na usumaku mkali zaidi. Chembe zake hupatikana kwa kudunga kampaundi ya kobalti ndani ya kimiminika cha moto kisicho na hewa. Lakini oksijeni huzila upesi, na mwilini ni sumu. Kwa maji na hospitali, magnetaiti, ndugu wa kutu, imeshinda.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitumia chembe za magnetaiti kuondoa aseniki majini kwa sumaku dhaifu. Baadaye wakaonyesha kwamba hata kutu na mafuta ya kupikia vinaweza kutumika kuzitengeneza.

Chembe zikivishwa molekuli zenye salfa, hunasa pia zebaki iliyoyeyuka majini. Hapo msomaji wa Maniema atasisimka, maana uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kumwaga zebaki hewani. Asisimke kwa kiasi. Mvuke unaopanda zebaki inapochomwa kuacha dhahabu hauendi kwanza mtoni, huingia mapafuni mwa mchomaji. Dhidi ya huo, chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba la kupozea mvuke hufanya kazi leo hii.