Feni ya jokofu ikikwama, gesi husingiziwa bure

Maziwa yaliyonunuliwa jioni mtaani Umoja hupatikana asubuhi yakiwa yamechacha na sukumawiki imenyauka, ilhali nyama iliyo katika sehemu ya juu ya jokofu lilo hilo imekuwa ngumu kama jiwe. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Donholm hadi Kayole na Dandora, si ajabu fundi anayeitwa kutazama kasoro hiyo kutoa hukumu kabla ya kufungua skrubu hata moja: gesi imeisha. Mwenye nyumba hulipa, gesi hutiwa, na baada ya siku chache maziwa huharibika tena.

Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa, na hupungua tu iwapo pana tundu. Hivyo basi, fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu na kuliziba anauza nafuu ya muda mfupi, hata pale ambapo gesi imepungua kweli. Aidha, gesi inapopungua, kwa kawaida hata sehemu ya kugandisha hulegea. Juu kukiwa kunagandisha barabara na chini kuna joto, mshukiwa wa kwanza ni feni.

Majokofu ya milango miwili yanayouzwa kwa jina la "No Frost" huwa na mabomba ya kupozea yaliyofichwa nyuma ya ubao wa plastiki katika sehemu ya kugandisha. Feni ndogo iliyo hapo huivuta hewa ipite kwenye mabomba hayo, kisha huisambaza juu na kuisukuma chini kupitia njia nyembamba. Feni ikisimama, baridi hubakia juu. Majokofu madogo ya mlango mmoja, ambayo yamejaa katika vyumba vya kupanga, hayana feni hiyo kwa kawaida. Huko kasoro itafutwe kwingine.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote ila masikio. Katika majokofu mengi feni husimama mlango unapofunguliwa, kwa hivyo anayesikiliza hubonyeza kwa kidole swichi ndogo iliyo kwenye fremu, ile inayozima taa, ili mtambo udhani mlango umefungwa. Mvumo ukisikika, feni ni hai. Pakiwa kimya, ni vyema kungoja nusu saa na kurudia, kwani jokofu huenda likawa katika kipindi chake cha kuyeyusha barafu, wakati ambapo kompresa na feni hupumzika. Swichi yenyewe nayo huharibika, na ni kifaa cha bei nafuu mno kulinganishwa na gesi.

Sauti ya kukwaruza, kama karatasi inayogusa bapa za feni, huashiria barafu. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea njia. Mtambo wa namna hii hujiyeyusha wenyewe mara kadhaa kwa hita iliyo chini ya mabomba, na maji hutiririka kupitia mfereji hadi kwenye sinia lililo karibu na kompresa. Hita ikiungua, kihisi cha baridi kikifa, au mfereji ukizibwa na mabaki ya chakula, barafu hukua hadi ikazishika bapa za feni. Feni haina hatia yoyote, imefungwa tu.

Jibu hupatikana kwa subira. Jokofu huchomolewa kwenye soketi, vyakula huhamishwa, milango huachwa wazi kwa saa 24 na matambara kutandazwa sakafuni. Likiwashwa upya na feni ikazunguka, kisha baridi ya chini ikapotea tena baada ya wiki moja au mbili, kasoro imo katika hita, kihisi au mfereji. Feni ikikataa kuzunguka hata baada ya barafu kuisha, basi ni mota, nyaya au bodi inayoiamuru. Nyaya zikaguliwe kwanza: panya hawajali bei ya jokofu.

Kisu kisitumiwe kamwe kubandua barafu. Ncha yake hutoboa bomba la alumini, na hapo ndipo gesi huisha kikweli. Isitoshe, majokofu mengi mapya hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto.

Mota ikihitaji kubadilishwa, ile kuukuu ipelekwe dukani kama kielelezo. Nyingine huendeshwa kwa umeme wa volti 240 wa nyumbani na nyingine kwa volti 12 kutoka kwenye bodi, na mbili hizo hufanana kwa umbo. Kuunganisha ya volti 12 kwenye umeme wa nyumba ni kuichoma papo hapo. Kazi ya kupima nyaya umeme ukiwa umewashwa iachiwe fundi mwenye mita na ujuzi wake.

Kungoja nako kuna gharama. Feni iliyokufa huifanya kompresa ifanye kazi bila kupumzika, na tokeni za umeme huyeyuka haraka. Lililo zito zaidi ni dawa: insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na maziwa ya mama yaliyokamuliwa huhitaji takriban nyuzi 4. Kipimajoto kidogo kikitiwa ndani ya gilasi ya maji kwenye rafu ya kati usiku kucha huonyesha hali halisi. Kikisoma zaidi ya nyuzi 8 asubuhi, insulini ihamishiwe kwa jirani au duka la dawa siku hiyo hiyo, kabla hata ya fundi kupigiwa simu. Lakini isiwekwe katika sehemu ya juu ambayo bado inagandisha, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena.